Sifa za Neno Lenye Nyuso Nyingi

Wako washairi waliomsifu simba na wako waliousifu mwezi. Lakini neno "bank" la Kiingereza, ambalo limewatoa jasho wanafunzi tangu London hata Rugu mkoani Kagera, halijapata mtu wa kulitungia sifa, nami naona ni dhuluma kulinyamazia.

Fadhila yake ya kwanza ni ubahili. Waingereza wameliajiri neno hilo moja kuwa ukingo wa mto, kuwa nyumba ya kuhifadhi fedha, kuwa ule mlalo wa ndege igeukapo angani, na hata kuwa kuitegemea ahadi ya mtu, na kwa kazi zote hizo hawakulitolea ila herufi nne.

Fadhila ya pili ni nasaba. Maana ya fedha ilitoka Italia, ambako wabadili sarafu waliketi kwenye mabenchi yao, na kufilisika kukaitwa benchi kuvunjika, ndiko Waingereza walikopata jina lao la muflisi. Maana ya ukingo ilikuja na watu wa kaskazini. Lakini maulamaa wa lugha wanatwambia kuwa chimbuko ni moja, lugha ya kale ya makabila ya Kijerumani, na kwamba hata "benchi" ni ndugu yao wa toka nitoke. Basi mkulima wa Rugu aliyeketi kwenye benchi la benki akingojea fedha zake za kahawa, amemkalia ndugu wa nyumba ile ile aliyoingia.

Fadhila ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni adabu. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akasomewa kwa Kiingereza habari za "bank" ya Mto Kagera, upakanao na Rwanda. Mara humwona karani na mihuri yake katikati ya mafunjo, akiwahudumia viboko. Akijibu hivyo, hukutana na viboko vingine, ambavyo navyo vilipata jina kwa kuwa asili yake ni ngozi ya wale wa kwanza.

Wala sisi hatuna uso wa kunung'unika, tunaoiita Rugu kata, tukachota maji kwa kata, tukajitwika mtungi juu ya kata, kisha tukamwamuru mtoto: kata mkungu!

Kwa hiyo naomba kwa taadhima neno hili lisipunguziwe hata maana moja; na ikiwa hapana budi kupunguza kitu, basi mwanafunzi apunguziwe viboko, kwani kosa lake ni kudhani kwamba neno likishapata kazi ya benki haliwezi tena kuonekana likishinda mtoni.