Waraka wa Wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mfumo Usiofunguka

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Baada ya salamu na taadhima zinazostahiki cheo chako, nakuarifu kwamba mimi, ambaye riziki yangu hutokana na kuandika programu, nimeketi mbele ya ukurasa wa ofisi yako tangu asubuhi na mapema, nikikitazama kile kiduara kikizunguka, hata chai ikapoa na adhana ya adhuhuri ikanikuta pale pale, nami sijavuka fomu ya kwanza.

Sina haja ya kukuchosha kwa malalamiko wayajuayo raia wote. Ombi langu kubwa ni moja: kiduara hicho kiajiriwe. Katika ofisi yako nzima ndicho pekee kifanyacho kazi bila kupumzika. Hakiendi kunywa chai, hakina msiba mkoani, wala hakijapata kumwambia mtu arudi Jumatatu. Kipewe barua ya ajira ya kudumu na cheo cha Afisa Mwandamizi wa Mzunguko. Kikatiwe bima ya afya, kwani kizunguzungu ni maradhi ya kazi yake. Kipewe likizo yake ya siku 28 pamoja na nauli ya kwenda kwao, ijapokuwa nahofu kwamba siku kitakapoondoka haitabaki dalili yoyote kuwa ofisi ingali hai. Na Mei Mosi, atakapotafutwa mfanyakazi hodari, asitafutwe mwingine.

Maombi yaliyobaki ni madogo. Picha yako iliyopamba ukurasa wa mbele, ambayo nimeipima nikaiona ina megabaiti 9, ipunguzwe uzito, maana wako wanaoilipia kwa bando la shilingi 500. Maandishi yabanwe kwa gzip kabla ya kusafirishwa, elimu ambayo ipo tangu 1992. Orodha ya wilaya iletwe kwa ombi moja, kwani sasa fomu yako huiendea kila wilaya safari yake, mfano wa mtoto aliyetumwa gengeni vitunguu kumi, akaenda mara kumi. Na ule ujumbe wa 504 uondolewe, kwa kuwa maana yake ni kwamba seva ya mlangoni imechoka kuingojea seva ya ndani. Na si adabu, Mheshimiwa, watumishi wako kuanikana mbele ya wageni.

Lakini msituambie tena kwamba mtandao ndio unaosumbua. Nimepima. Mlango wako hubishwa na kuitikiwa kwa milisekunde 40. Kisha aliyeitikia hukaa sekunde 31 kabla ya kutamka herufi ya kwanza. Mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 1993 kwamba mtu akingojeshwa zaidi ya sekunde 10 fikira zake huhama. Zangu zimekwisha hama nchi.

Juzi, katika duka la stesheneri, nilimwona mama wa makamo akijaziwa fomu yako kwa mara ya tatu, kwa kuwa mfumo humtoa mtu kila baada ya dakika 5, ilhali ukurasa mmoja pekee wazila 4; na kila jaribio kijana wa dukani humtoza shilingi 2,000. Alipotolewa tena, mama yule alifungua fundo la kanga, akahesabu noti zilizosalia, akasema kwa sauti ya chini, "Niwie radhi, mwanangu, labda nimekosea mimi." Hakukosea! Mmekosea nyinyi, mnajua kwamba mmekosea, na mnalala usingizi.

Niwie radhi nami, Mheshimiwa, kalamu imeteleza. Nilikusudia kusema kwamba dawa ya maradhi haya si mitambo mipya wala semina ya hotelini. Mtu aketi, asome kumbukumbu za seva, aone ni swali gani hifadhidata inalolitafutia jibu kwa kupekua safu moja baada ya nyingine, kisha aliwekee faharasa. Nilikwisha jitolea kuifanya kazi hiyo bure, kwa siku mbili. Ofisi yako ilinijibu kwamba maombi yote hupokelewa kwa njia ya mfumo.

Wako mtiifu, angali akingoja,
Mwandishi wa programu,
Dar es Salaam