Namna ya Kuiibia Probabiliti Mbele ya Msimamizi

Mtihani wa kidato cha nne huja Novemba, na Novemba huku Mtwara ndipo korosho zinapodondoka. Kwa hiyo muda huna. Asubuhi uko darasani, jioni uko shambani kwa babu unaokota, usiku umechoka, na mada ya probabiliti inakusubiri palepale ulipoiacha. Sawa. Mwongozo huu ni wa mtu asiye na muda, anayependa kuonekana ana akili na anayetaka alama bila kuteseka. Usione haya, wote tuko hivyo. Nitakupa njia za mkato, na zote unaweza kuzitumia msimamizi akiwa amesimama nyuma ya kiti chako.

Hatua ya kwanza: chagua vizuri wa kumwibia

Najua umeshamfikiria jirani. Kabla ya kupiga chabo, piga hesabu. Kwa miaka mingi Basic Mathematics limekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu mdogo kabisa katika matokeo ya kidato cha nne. Wanaolifeli ni wengi kuliko wanaolifaulu. Na huyo jirani hukumchagua wewe, mmepangwa kwa namba za mtihani. Basi uwezekano kwamba amekosea ni mkubwa kuliko uwezekano kwamba amepata. Bado hujaweka uwezekano wa kukamatwa, na ukikamatwa Baraza la Mitihani (NECTA) linafuta matokeo yako. Unahatarisha miaka minne kwa ajili ya jibu ambalo huenda ni bovu.

Mwibie mtahini. Yeye ndiye mwenye majibu. NECTA hutoa ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na kuziweka kwenye tovuti yake bila malipo. Humo utaona nakala za majibu mazuri na mabovu ya waliokutangulia, na maelezo ya walipoteleza. Omba simu ya kaka, pakua ripoti za miaka mitatu, usome majibu mabovu tu. Makosa ni yaleyale kila mwaka. Ukiyajua, umeshawapita wengi kabla hujashika kalamu.

Hatua ya pili: chora, hata kama unajiona mkubwa

Swali: sarafu mbili zinarushwa, tafuta uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja. Chukua sarafu ya shilingi 100, yenye Mwalimu Nyerere upande mmoja, ndio kichwa, na swala upande wa pili. Akili yenye haraka inasema: matokeo ni matatu, yaani vichwa viwili, kichwa kimoja, au hakuna kichwa, mawili kati ya hayo ni mazuri, kwa hiyo jibu ni 2/3.

Ukijibu hivyo umekosa, lakini umekosa pamoja na mtu mkubwa. Jean d'Alembert, mmoja wa wanahisabati mashuhuri wa Ufaransa katika karne ya 18, aliandika 2/3 kwa swali hilihili katika ensaiklopidia yake, mwaka 1754. Hakuorodhesha kwa usawa. Wewe orodhesha: Nyerere-Nyerere, Nyerere-swala, swala-Nyerere, swala-swala. Manne. Yenye kichwa ni matatu. Jibu ni 3/4, na kwa mistari minne ya penseli umempita d'Alembert.

Kuchora hakuna aibu. Sarafu mbili ni orodha, dadu mbili ni jedwali la 6 kwa 6 lenye vyumba 36, kuchagua mara mbili ni mchoro wa mti. Anayejidai kuyaona yote kichwani ndiye anayepoteza alama, maana hata akipata jibu hana hatua za kumwonyesha msahihishaji.

Hatua ya tatu: ingia kwa mlango wa nyuma

Hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote. Ukiona kwenye swali maneno "angalau moja", usihesabu kile unachoulizwa. Hesabu kinyume chake, kisha toa kwenye 1. Basi.

Mcheza kamari mmoja wa Ufaransa, Chevalier de Méré, alikuwa akibeti kwamba katika kurusha dadu mara nne atapata sita angalau mara moja. Ukitaka kuhesabu namna zote za kupata sita moja, mbili, tatu au nne, utakesha. Hesabu namna ya kukosa: kila mrusho uwezekano wa kukosa ni 5/6, na kwa mirusho minne unazidisha 5/6 nne, yaani 625/1296. Toa kwenye 1, unapata 671/1296, karibu 52 katika 100. Alikuwa na faida kidogo. Kisha akahamia kwenye dadu mbili, akibeti kupata sita-sita angalau mara moja katika mirusho 24, akidhani ni yaleyale. Ni karibu 49 katika 100. Tofauti hiyo ndogo ilitosha kumfanya amuulize Blaise Pascal, na mwaka 1654 Pascal akaandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya maswali ya kamari. Hesabu unayoiogopa imezaliwa hapo, kwa mtu aliyetaka kujua kwa nini fedha yake inakwenda.

Umeme ukikatika na una ludo nyumbani, rusha dadu mara nne nne na uweke alama kila ukipata sita. Ni mazoezi, na mama atadhani unacheza.

Hatua ya nne: tumia korosho za babu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia, na sisi wa Mtwara ndio tuliopaswa kuwa wa mwisho kuanguka. Mtahini anaandika mfuko wenye mipira myekundu na ya bluu. Mipira hiyo hujawahi kuiona. Lakini umeshaona gunia la korosho likifunguliwa, chache zikachukuliwa na kukatwa, na gunia zima likahukumiwa kwa hizo chache: daraja la kwanza au la pili. Ukiuelewa mkono ule unaoingia ndani ya gunia, mada nusu umeimaliza.

Weka bakulini korosho 10: nzuri 6, mbovu 4. Toa moja bila kuangalia, usiirudishe, toa ya pili. Uwezekano wa kutoa mbovu zote mbili ni upi?

Ya kwanza: 4/10. Sasa tazama bakuli. Zimebaki 9, na mbovu zimebaki 3. Ya pili: 3/9. Zidisha: 12/90, yaani 2/15. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika 4/10 mara 4/10, apate 4/25, na atakuwa amejibu swali la mtu mwingine, yule aliyerudisha korosho bakulini. Kwa hiyo kabla ya chochote, tafuta kwenye swali maneno ya kurudisha au kutorudisha, uyapigie mstari. Bila kurudisha, asili inapungua moja, na kiasi kinategemea kilichokwisha kutoka.

Wakati huohuo chora mti. Matawi mawili ya kwanza: N na M. Kila tawi lizae mawili. Andika sehemu juu ya kila tawi, na hakikisha matawi yote yanayotoka shina moja yanajumlika kuwa 1. Huo ndio ulinzi wako: yakijumlika kuwa kitu kingine, kosa umelishika mapema.

Ukichoka kukokotoa, fanya kwa mikono. Zichanganye, toa mbili, andika, rudisha zote mbili, rudia mara nyingi. Mwanzoni matokeo yatarukaruka na utadhani kanuni imekudanganya. Endelea. Kadiri unavyorudia, ndivyo sehemu ya mbovu-mbovu inavyosogelea 2/15. Jacob Bernoulli alithibitisha jambo la namna hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1713, miaka minane baada ya kufariki kwake. Wewe utalithibitisha mkekani usiku mmoja, na korosho nzuri utazila.

Hatua ya tano: jua lini kujumlisha, lini kuzidisha

"Na" inazidisha, "au" inajumlisha. Kanuni hii ya darasani ni nzuri, ila ina mitego miwili. Kuzidisha moja kwa moja ni kwa matukio yasiyotegemeana. Kujumlisha moja kwa moja ni kwa matukio yasiyoweza kutokea pamoja. Yakiweza, ondoa ulichokihesabu mara mbili.

Mfano wa vitabuni ni karata, na kuna nyumba ambamo karata haziingii. Huhitaji kuzicheza. Kariri hivi: karata ni 52, aina nne, kopa, uru, pau na shupaza, kila aina 13, kopa na uru ni nyekundu, wafalme ni wanne, mmoja kila aina. Uwezekano wa kutoa mfalme au kopa: 4/52 na 13/52, toa 1/52 kwa sababu mfalme wa kopa amehesabiwa pande zote mbili. 16/52, yaani 4/13. Imetosha, usipoteze usiku hapa.

Hatua ya sita: suka mkeka, lakini kwenye daftari

Wapo darasani wanaosuka mikeka ya kubeti na kujiita wataalamu wa odi. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti, na hesabu nayo haimpendi wa umri wowote. Tumia ujanja wao bila fedha yao.

Chukua mechi 10. Tuseme una jicho kali, na kila utabiri wako una uwezekano wa 7/10 wa kutimia. Mtu wa namna hiyo angetembea kifua mbele mji mzima. Lakini mkeka unataka zote zitimie, na hiyo ni "na" mara tisa: 0.7 izidishe yenyewe mpaka ziwe kumi, unapata karibu 0.028. Chini ya mikeka mitatu katika 100. Ukiwa mtu wa nusu kwa nusu, ni 1/1024. Ndiyo maana mkeka "unachanwa na mechi moja" kila wiki. Anayeshangaa hajazidisha.

Humohumo uepuke kosa jingine. Mechi ina matokeo matatu: kushinda, sare, kufungwa. Usiandike 1/3 kwa kila moja. Timu yetu ya Ndanda ilipokuwa Ligi Kuu na kuwakaribisha wakubwa wa Dar es Salaam pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, hakuna shabiki aliyeamini matokeo hayo matatu yana uzito sawa. Kugawa kwa idadi ya matokeo ni halali pale tu ambapo kila tokeo lina nafasi sawa, kama nyuso za dadu isiyochezewa.

Hatua ya saba: tenga bahati na uhakika

Wanaovua pweza kwa miguu huko Msimbati hawabahatishi siku ya bamvua. Mwezi ukiandama au ukipevuka, bahari itakupwa sana. Uwezekano ni 1, jedwali la maji lipo. Kimbunga si hivyo. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitoa tahadhari ya kimbunga Kenneth kwa Mtwara, na tarehe 25 kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, kikaua watu na kubomoa nyumba. Ukimsikia mtu anasema TMA walikosea kwa sababu hakikutua kwetu, mwelekeze taratibu: uwezekano mkubwa si ahadi, na kitu kutotokea hakufanyi uwezekano wake kuwa sifuri. Hili linaulizwa mtihanini kwa sura nyingine, la mvua kunyesha na mwanafunzi kuchelewa. Mti uleule wa korosho unalijibu.

Hatua ya nane: kagua kwa sekunde tatu, kisha jionyeshe

Jibu la uwezekano haliwi chini ya 0 wala juu ya 1. Ukipata 7/5, au hasi, kata bila huruma, rudi kwenye mti. Ukishapita hapo, andika kanuni kwanza, namba baadaye, jibu mwisho na ulipigie mstari. Hatua zina alama zake hata jibu likiteleza.

Na kwa kuwa unapenda kusifiwa, lipe pendo hilo kazi. Nenda kidato cha tatu jioni, shika chaki, waeleze mlango wa nyuma na bakuli la korosho. Watakuuliza swali usilolijua, utaona aibu, na aibu hiyo itakufundisha usiku huohuo kuliko desa lolote.

Lifanye hili kabla ya kulala: bakuli lilelile, nzuri 6, mbovu 4, unatoa mbili bila kurudisha. Tafuta uwezekano wa kupata angalau mbovu moja. Jibu ni 2/3. Ukipata tofauti, rudi hatua ya tatu na ya nne. Kesho fanya mengine matano ya mitihani iliyopita.