Duke wa Kumwaga

Duka la vitu vya kale, Bath, Uingereza. Upepeo wa hariri wa mwaka 1813 umelazwa kando ya Riwaya mpya ya mapenzi.

RIWAYA: Shikamoo, Bibi.

UPEPEO: Marahaba, mjukuu wangu. Huyo kijana wa kwenye jalada lako mbona shati wazi? Kakosa vifungo au kakosa adabu?

RIWAYA: Ni Duke, Bibi, bwana mwenye cheo cha juu. Kaapa haoi. Na binti naye kaapa haolewi.

UPEPEO: Basi hadithi imekwisha, kila mtu arudi kwao.

RIWAYA: Thubutu! Wanakutana dansini, wanatupiana maneno, ukurasa wa mia tatu wanaoana. Tuko vitabu saba, dada saba.

UPEPEO: Na Maduke?

RIWAYA: Saba.

UPEPEO: Enzi zangu Maduke wa nchi nzima hawakufika arobaini, ukiwatia humo wenye wake, wenye jongo na wasio na meno. Rafu hii peke yake inao mia! Mnawapanda kama muhogo? Mkikata kijiti mnachomeka, msimu ujao Duke mwingine, shati wazi?

RIWAYA: Utani tu, Bibi. Watu wanapenda kumwona mtu akiigomea ndoa.

UPEPEO: Hugoma mwenye akiba. Mimi nilikuwa mkononi mwa binti wa kasisi. Nikimpepea, yeye anapiga hesabu: baba akifa, nyumba inahamiwa na kasisi mwingine. Mahari kule ilitoka kwa baba wa binti. Asiye nayo atacheza mpaka viatu vitoboke. Na akiolewa, fedha zake ni za mume. Mpaka 1882 ndipo sheria ikamwachia mke mali yake. Sasa hapo cheka.

RIWAYA: Mbona mwandishi Jane Austen alichekesha kwa mambo hayo hayo?

UPEPEO: Umemtaja mwenyewe. Desemba 1802 aliposwa na mrithi wa jumba la Manydown. Usiku akakubali, asubuhi akakataa. Jumba zima likamponyoka kabla ya kifungua kinywa. Baba yake alipofariki 1805, yeye, mama na dada yake wakaishi kwa kuhamahama na kusaidiwa na kaka zake. Riwaya yake *Pride and Prejudice* aliiuza pauni 110. Alifariki 1817, hajaolewa. Yule alicheka akijua bei ya "sitaki". Ninyi mnacheka kwa mkopo.

RIWAYA: Unanionea, Bibi.

UPEPEO: Wewe huna kosa, nina ugomvi na aliyekuandika. Anajua rangi ya utepe, anajua jina la farasi, lakini hajui binti atakula nini asipoolewa! Huo ni uvivu, na uvivu hauwi utani kwa kuvishwa gauni.

(Kimya.)

RIWAYA: Sura ya tatu ninaye shangazi ambaye hakuolewa. Anachekesha kweli.

UPEPEO: Anakula kwa nani?

RIWAYA: Haikuandikwa.