Mlango Ufungukie Wapi?

Katika ujenzi hakuna swali linalonichosha kama hili la fundi seremala: "Bosi, mlango huu ufungukie wapi?" Wakati wa ramani haulizi. Anasubiri fremu zikae ukutani, zishikwe na saruji, na fundi umeme awe ameshatindua ukuta na kuweka swichi zake popote alipojisikia. Na fremu imechongwa mfuo wa kukalia mlango upande mmoja tu. Kugeuza ni nyundo, vumbi na hela nyingine.

Kila anayekanyaga saiti ana fatwa yake. Mama mkwe anataka mlango wa chumbani ufunguke ukikinga kitanda, wapita korido wasione watu wamelala. Shemeji anataka uegemee ukutani, mtu aingie kwa raha. Mimi sina neno, ila upande wa mama mkwe ndio wenye swichi. Yaani usiku uingie gizani, ufunge mlango kwanza, ndipo upapase ukuta nyuma yake. Mke wangu, Mama Asha, anasema tutazoea. Wazee wa Mji Mkongwe kule Unguja walishamaliza kesi hii: vipande viwili, mfaa katikati, vyote vinafungukia ndani, basi. Ila ule ni mlango wa mbele. Nyuma yake hakuna sinki la choo.

Maana choo ndicho kizungumkuti. Ni futi 4 kwa 5, mlango futi 2 na nusu. Ukifungukia ndani, mwenye kitambi kama mimi ajibanze kwenye beseni la kunawia, avute pumzi, ndipo mlango upite. Fundi alinionyesha kwa vitendo, kakumbatia ubao wa mlango, anazunguka nao kama bwana harusi na mwali. Ukifungukia nje, korido ni futi 3: anayetoka anamtwanga usoni anayekwenda kulala.

Nimechagua nje. Mtu akiteleza akaangukia nyuma ya mlango unaofungukia ndani, huwezi kuusukuma umtoe. Wa nje unauvuta tu. Mama mkwe analalamika kwamba napanga watu waanguke chooni hata vigae havijawekwa.

Jikoni nimegoma: hakuna mlango. Harufu ya dagaa itazuiwa na nini? Pazia, nikajibu. Sasa wanabishana livutiwe upande gani.