Mama Ntilie wa Paris

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima, baridi ni ileile. Uliniambia niache kukuandikia habari za hali ya hewa, nikuandikie watu wa huku wanakula nini. Haya, kaa kitako.

Alhamisi mchana nilialikwa chakula na rafiki yangu yule wa Bukavu, anayesuka nywele Château d'Eau. Kanipeleka bistro, karibu na mfereji wa Saint-Martin. Bistro ni mgahawa mdogo wa mtaani, wa watu wa kawaida, na wenyewe wanasisitiza sana kwamba ni wa kawaida. Usiwaamini. Nimehudhuria harusi Pangani zenye masharti machache kuliko pale.

Sharti la kwanza ni salamu. Ukiingia ukaiendea meza moja kwa moja, umekwisha. Unasimama mlangoni, unasema bonjour, unangoja kuoneshwa kiti. Mhudumu alikuwa mmoja tu, kijana mwembamba mwenye aproni nyeusi, chumba kizima chake, na hakukimbia hata hatua moja. Wewe mteja akikupigia "psii" unageuka na sahani tatu mkononi. Huyu ukimwita kwa kidole anatazama dari mpaka utubu.

Lakini ukutani, Shangazi, palikuwa na ubao! Ubao mweusi, chaki, vyakula vya leo, kilichoisha kimefutwa kwa kiganja. Ni ubao wako wa stendi ya Kange kasoro ile "Kukopa harusi, kulipa matanga". Rafiki yangu akanieleza asili yake. Bistro nyingi za zamani za Paris zilianzishwa na watu wa Auvergne, milimani katikati ya Ufaransa, waliokuja mjini karne ya 19 kutafuta maisha. Waliuza makaa. Kwenye banda lilelile mume akawa anamimina mvinyo, mke kabandika sufuria. Yaani mama ntilie mtupu, tena mwenye makaa yake mwenyewe! Wewe unayegombana na muuza makaa kila wiki, hebu fikiria. Kilichobadilika ni bei: sahani mbili, ya kuanzia na ya kushibia, yuro 19 kwa kichwa. Usizigeuze kuwa shilingi, presha itakupanda.

Meza zimebanana mno. Ili niingie, mhudumu aliivuta meza nzima, nikapita nikakaa ukutani, akairudisha akanifungia humo kama ng'ombe zizini. Jirani yangu, mzee wa heshima na skafu yake, kiwiko chake kilikuwa karibu na mkate wangu kuliko mimi. Akaletewa nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa, mbichi, juu yake kiini cha yai, nacho kibichi. Nikangoja airudishe jikoni. Akachanganya na haradali, akala, akafumba macho kwa raha. Nilimshukuru Mungu kwamba huku mtu akila hasemi karibu.

Rafiki yangu naye akaagiza konokono. Ndiyo, ndugu zao wale unaowamwagia chumvi kwenye mchicha. Walikuja sita kwenye sahani yenye vishimo, na koleo dogo la kuwashikia na uma mwembamba wa kuwachokolea. Nilipokunja uso akaniambia, "Tulia, mama. Njo vile banafanyaka." Ila nikiri jambo moja: ile siagi ya kitunguu saumu ilinukia hivi kwamba ungeipaka soli ya kiatu ningeila.

Kisha steki. Wanakuuliza iive kiasi gani, na ngazi ya chini kabisa ni ile ambayo moto umeitazama tu ukapita. Rafiki yangu akaomba iive kabisa. Mhudumu akanyamaza, uso wa mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

"Kabisa, madame?"

"Kabisa."

Akaondoka taratibu. Ilipokuja, katikati ilikuwa nyekundu. Nadhani jikoni walikaa kikao wakashindwa kuifanyia ukatili huo.

Kabla hujauliza: mimi nimekula samaki, kwa siagi na ndimu, na mvinyo haumo, niliuliza. Samaki mwenyewe hana kichwa, hana mkia, hana mwiba. Madereva wako wa stendi wangetaka kujua kichwa kala nani. Mkate ni bure, kikapu kikiisha unaomba kingine. Maji ya jagi nayo bure kwa sheria ya nchi, kwa hiyo ukija usikubali chupa. Na mchuzi ulipobaki, yule mzee wa skafu alimega mkate akaifuta sahani ikang'aa. Hapo moyo wangu ukatulia. Watu hawa nao wanakula kwa mkono, wameuvalisha mkate tu.

Saa tisa kasoro wakaingia watalii wawili wenye njaa. Jiko limefungwa, wakaambiwa, na harufu ya vitunguu ingali hewani. Wewe hujawahi kumrudisha mtu hata kama kumebaki ukoko.

Sisi tuliokwisha kukaa, hakuna aliyetugusa. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Kifaransa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na naona tangu hapo hakuna anayethubutu kuumaliza haraka. Sahani zimeondolewa, kahawa imenyweka, bili haiji. Kuileta bila kuombwa ni kumfukuza mgeni. Na bahashishi si lazima: tangu 1987 bei ya kwenye ubao lazima iwe na huduma ndani yake, ndiyo maana kijana hana sababu ya kumchekea mtu.

Bili ilipokuja tukaanza kuvutana. Naweka pesa, anairudisha. Anatoa kadi, naificha chini ya kikapu. Meza ya pili, mtu na mchumba wake walikuwa wanagawana yao mpaka senti. Rafiki yangu akashinda kwa hila: aliinuka akaenda kulipa kaunta, na mimi nimefungiwa ukutani.

Rafiki yangu anakusalimu, na anataka kujua samaki wako wa nazi unamtia bizari gani. Usimwambie yote.

Na swali lako la mwisho nalijua kabla hujaliandika. Hapana, Shangazi, mhudumu hakuwa na pete. Na hapana, sikumwuliza kwao ni wapi.