Mwizi Asiyepitia Getini

Ukuta wangu hapa Ntinda, Kampala, umepandwa vipande vya chupa, geti lina kufuli kubwa kuliko ngumi yangu, na askari analipwa kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao mimi sijalipwa. Ulinzi wote huo unatazama barabarani. Anayetuibia anashuka kutoka juu.

Namsema mwewe, kamunye kama wanavyomwita Waganda. Uzito wake haufiki kilo moja, lakini vifaranga alioniletea shangazi kutoka Masaka amewala kana kwamba walikuwa posho yake. Shangazi hupiga simu kuwajulia hali. "Wanaendeleaje, mwanangu?" Namjibu wananenepa. Kuna anayenenepa, ndiyo.

Sasa amebaki paka mdogo wa binti yangu. Wapo wanaoniambia kamunye hana ubavu wa kubeba paka. Hao hawajamwona akimpokonya mtoto wa shule kipande cha nyama mkononi bila kumgusa kidole.

Jirani yangu Nalongo yeye huwapaka vifaranga wake dawa ya zambarau, ile ya vidonda, ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula.

"Na paka naye nimpake, Nalongo?"

"Mpake, ssebo. Nani atakukataza?"

Binti yangu alikataza, kwa kilio kilichofika barabara ya Kira. Tukatundika sidii za zamani kwenye kamba ya nguo zimtishe kwa mng'ao. Kamunye akatua juu ya kamba, akajitazama.

Nikamwendea askari. "Mzee," akaniambia kwa upole, "tulikubaliana geti."

Kumpiga kamunye jiwe siwezi. Kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na bahati yangu naijua, jiwe lingevunja kioo cha gari la mwenye nyumba. Isitoshe, tunamlisha wenyewe. Utumbo wa kuku tunautupa mtaroni, mifupa nyuma ya kibanda, halafu tunashangaa ndege wa porini amehamia mjini bila kulipa kodi. Nenda Wandegeya jioni: chini kuku wanachomwa, juu mitini kaloli, wale korongo wakubwa, wamejipanga kama wazee wa baraza, wanasubiri mabaki. Kaloli ana urefu wa mita moja na nusu na hujinyea miguuni ili apoe, lakini simsemi vibaya. Akisimama kwenye paa langu mabati yanalia, nami najua yupo. Kamunye hapigi hodi.

Binamu yangu aliyeko Los Angeles ananicheka. Kwao kuna koyote, mbwamwitu mdogo anayezurura mitaani na kunyakua vijibwa vya watu, kwa hiyo zinauzwa fulana za mbwa zenye miiba mgongoni. Amejitolea kunitumia moja. Paka wangu akivaa miiba, binti yangu atamlaza wapi kama si kitandani kwangu?

Ikabaki kufunika uwanja kwa wavu. Fundi wa kuchomelea alikuja, akapima, akatazama juu, akapima tena, akataja bei ya kuifunika Kampala nzima. Nilipoomba apunguze, alishauri nimfungie paka ndani na kumwachia kamunye uwanja.

Bado tunabishana. Katikati ya ubishi shangazi amepiga simu: amefurahi kusikia mifugo inanenepa kwangu, na Ijumaa analeta bata.