Vua Viatu, Tunaanza Kiingereza

Mwalimu, umepewa darasa la jioni Makandana, Tukuyu: watu wazima 14, kompyuta tatu. Hongera. Kabla hujafikiria Kiingereza, bandika mlangoni karatasi iliyoandikwa VUA VIATU. Huku mvua haijui likizo, kwa hiyo wanafunzi watafika na gambuti zenye tope. Wavue. Waingie na soksi kwenye sakafu ya saruji, mwezi wa Juni, meno yakigongana. Wakiuliza sababu, waambie kompyuta hushika virusi.

Kila kompyuta iwe na kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Kukifunua ni kazi yako peke yako, nawe ukifunue taratibu kama unayemfunua bibi harusi.

Wiki mbili za kwanza fundisha sehemu za kompyuta. Yule mama lishe alikuja ili aweze kumwambia mgeni kwamba chai haina sukari. Mwandikishe kazi za CPU. Ajue pia kwamba mashine hiyo huitwa kompyuta, au tarakilishi, au ngamizi, na akikuuliza ni ipi hasa, mkate maksi. Usithubutu kumsimulia kwamba Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu wakajua kusoma kwa ubao na chaki chini ya miti, viatu miguuni kwa aliyekuwa navyo. Wala usitaje kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Atauliza ni nani aliyeiondoa marufuku hiyo.

Kuchapa sasa. Mzee aliyefundishwa kwamba herufi huanza na A ataikuta Q imekaa mbele. Mweleze kuwa mpangilio huo ulitoka kwenye mashine za chapa za Marekani, miaka ya 1870. Akitaka kujua kama tangu hapo hakuna aliyepata nafasi ya kuzipanga vizuri, mwambie muda umekwisha.

Utamu uko kwenye programu ya matamshi. Kinyakyusa, lugha ya huku, hakina r. Hata jina la Rungwe, hapa nyumbani, ni Lungwe. Basi mkalishe muuza mchele wa Kyela mbele ya maikrofoni aseme anachouza. Atasema "lice", na kompyuta, isiyojua utani, itaandika kwamba mama huyu anauza chawa. Darasa litacheka. Kuna mmoja nyuma atakayeongeza kwamba chawa nao siku hizi wana soko, hasa uchaguzi ukikaribia. Wewe usicheke. Bonyeza arudie, mara ishirini, maandishi mekundu yakimwambia "Try again". Mama huyu ana lugha mbili na huwashinda madalali kwa zote mbili, lakini programu haina kisanduku cha kujaza hilo.

Ukimwona kijana wa bodaboda akijirekodi kwa simu na kumtumia binamu yake sauti WhatsApp ili amsahihishe, mnyang'anye. Ukimwachia simu, ataendelea nayo hata usiku, ndani ya blanketi, na akizoea atajifunza bila wewe.

Umeme utakatika. Hapo kuwa macho, maana ndipo mambo huharibika. Funika kompyuta zako upesi, waruhusu waondoke, kisha simama mlangoni usikilize. Gambuti 28, zote nyeusi, gizani, mvua inapiga bati.

"Whose is this?" utamsikia mama lishe.

"That is my boot," mzee wa herufi Q atajibu. "You have two left!"

"No, mine is small. This one is big, and it has water."

"The water is also mine," atasema yule wa nyuma, na watacheka, kila mtu akitaja chake na cha mwenzake, mpaka wa mwisho apate cha kulia.

Hilo usiliandike kwenye ripoti. Andika kwamba somo halikufanyika kwa sababu ya umeme.